Mshahara mmoja, nyumba na gari: Marekani ya baada ya vita ilikuwaje hasa?

Swali la msomaji: “Mjomba wangu hupenda kusimulia kwamba katika Marekani ya miaka ya 1950 mtu aliyekuwa akikaza nati kiwandani aliweza kununua nyumba na gari na kulea watoto wanne kwa mshahara wake peke yake, mke akiwa nyumbani. Anasema ni vita ndivyo vilivyowatajirisha. Je, haya ni kweli au ni hadithi za wazee? Na kama ni kweli, ilikuwaje neema hiyo ikaisha?”

Ndugu msomaji, mjomba wako hakukudanganya, ila ameacha mambo mawili makubwa nje ya simulizi yake: ni mapatano gani yaliyoiwezesha neema hiyo, na ni akina nani waliozuiwa kuionja. Nitaanza na hesabu yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayowafanya wengi wadhani ni hadithi.

Mwaka 1950 mfanyakazi wa kawaida wa kiwandani nchini Marekani alilipwa wastani wa kama dola 1.44 kwa saa, ambazo kwa wiki zilifika kama dola 58. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kampuni ya Levitt and Sons ilikuwa imeanza kuuza nyumba za Levittown, katika Long Island nje ya jiji la New York, kwa dola 7,990 kila moja. Askari aliyerudi kutoka vitani hakudaiwa kianzio cha maana, na rejesho lake la kila mwezi lilikuwa dola 58 hivi. Kwa hiyo mshahara wa wiki moja ulilipia nyumba kwa mwezi mzima, na wa wiki tatu zilizobaki ukaenda kwenye chakula, gari, nguo za watoto na akiba.

Nyumba yenyewe haikuwa kasri. Ilikuwa na ukubwa wa mita za mraba 70 hivi, vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko, bafu, na nafasi ya juu darini iliyoachwa bila kumaliziwa ili mwenye nyumba aimalizie mwenyewe familia ikiongezeka. Ilisimama juu ya sakafu ya zege tu, bila chumba cha chini ya ardhi. Kilichokuwa kipya ni namna ya kujenga. William Levitt alinunua mashamba ya viazi, akaigawa kazi ya ujenzi katika hatua 27, na kila kundi la mafundi likapewa hatua yake moja: hawa wanamwaga zege na kuhamia kiwanja cha jirani, wale wanasimamisha fremu, wengine kazi yao ni kupaka rangi tu tangu asubuhi hadi jioni. Mbao zilitoka kwenye kiwanda chake mwenyewe huko California, na hata misumari aliitengeneza mwenyewe. Kazi ilipopamba moto zilikamilika nyumba zaidi ya 30 kwa siku, na kufikia mwaka 1951 zilikuwa zimezidi 17,000. Mnunuzi aliikuta mashine ya kufulia jikoni, na kwa nyumba za mwaka 1950 hata televisheni ilikuwa imeshapachikwa.

Hata hivyo, ustadi wa Levitt usingefika popote kama asingekuwapo mtu wa kumkopesha mnunuzi, na hapo ndipo serikali ilipoingia. Kabla ya miaka ya 1930, mkopo wa nyumba wa kawaida Marekani ulikuwa wa miaka mitatu hadi mitano, na mkopaji alitakiwa kutoa karibu nusu ya bei papo hapo. Mtu wa kiwandani angezipata wapi? Mwaka 1934 serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliunda idara ya shirikisho ya kudhamini mikopo ya nyumba, ijulikanayo kwa kifupi kama FHA, ili mkopaji akishindwa kulipa benki isipate hasara. Tarehe 22 Juni 1944, wakati mapigano ya Normandy yakiendelea, Roosevelt alitia saini sheria ya kuwatunza askari watakaorudi, maarufu kama GI Bill. Sheria hiyo iliwapa dhamana ya mikopo ya nyumba, iliwalipia karo ya chuo na posho ya kujikimu, na asiyepata kazi alilipwa dola 20 kwa wiki kwa muda usiozidi wiki 52. Hadi mwaka 1956 watu milioni 7.8 walikuwa wamesoma au kujifunza ufundi kwa fedha hizo, milioni 2.2 kati yao wakiwa vyuoni. Benki zilizokuwa zikimkwepa mtu wa mshahara sasa zilimkimbilia, kwa kuwa mdhamini wake alikuwa hazina ya taifa, na muda wa kulipa ukarefuka hadi miaka 25 na 30.

Sasa tuje kwenye kauli ya mjomba kwamba ni vita ndivyo vilivyowatajirisha. Ina ukweli. Marekani ilitoka vitani viwanda vyake vikiwa salama, huku vya Ujerumani na Japani vikiwa vifusi, na kwa muda karibu nusu ya bidhaa zote za viwandani duniani zilitengenezwa humo. Wananchi walikuwa na fedha walizoshindwa kuzitumia kwa miaka minne, maana tangu Februari 1942 viwanda vya magari vilikuwa havitengenezi magari ya raia. Vilitengeneza vifaru na ndege. Mkataba wa Bretton Woods wa Julai 1944 ulizifunga sarafu za nchi nyingine kwenye dola, na dola ikafungwa kwenye dhahabu kwa dola 35 kwa aunsi.

Lakini kushinda vita peke yake hakutajirishi. Uingereza nayo ilishinda, na nyama ilibaki kwenye mgawo hadi mwaka 1954. Uhaba wake wa dola ulifika hadi kwetu: mkonge wa Tanga na Morogoro ulithaminiwa mno na wakoloni wakati ule kwa sababu wanunuzi wake, pamoja na Marekani ambako ulisokotwa kamba za kufungia mazao na majani ya mifugo, walilipa kwa dola ambazo London haikuwa nazo. Hata Wamarekani wenyewe hawakuamini kwamba neema ingekuja. Mwaka 1945 walikuwa na watu milioni 12 jeshini, na wachumi wengi walihofu kwamba watu hao wakivua sare wote kwa pamoja, ule mdororo wa miaka ya 1930 ungerudi. Nionavyo mimi, vita viliwapa mtaji na uwanja mtupu usio na mshindani. Namna ya kuugawa mtaji huo ilikuwa jambo la kugombaniwa, na liligombaniwa kweli.

Ugomvi wenyewe ulianza mara tu bunduki ziliponyamaza. Bei zilipanda, saa za ziada za kazi zikakatwa, na mwaka 1946 wafanyakazi wapatao milioni 4.6 waligoma kwa nyakati mbalimbali. Mgomo mkubwa zaidi katika magari ulikuwa wa kampuni ya General Motors, ulioanza Novemba 1945 na kudumu siku 113. Kiongozi wake, Walter Reuther wa chama cha wafanyakazi wa magari, alidai jambo ambalo leo linasikika kama ndoto: mshahara upande kwa asilimia 30, bei ya gari isipande hata senti, na kama kampuni inasema haiwezi, basi ifungue vitabu vyake vya hesabu watu waone. Kampuni ilikataa katakata kufungua vitabu. Wafanyakazi walirudi kazini na nyongeza ya senti 18 na nusu kwa saa. Bunge lililochaguliwa mwishoni mwa mwaka 1946, likiwa mikononi mwa chama cha Republican, lilipitisha Juni 1947 Sheria ya Taft-Hartley, iliyopunguza nguvu za vyama vya wafanyakazi na kuwataka viongozi wao waape kwamba si wakomunisti. Rais Truman aliipinga kwa kura ya turufu, na Bunge likaitangua kura hiyo.

Baada ya kupigana hivyo, pande mbili zilichoka zikakaa mezani. Mei 1950 General Motors na chama cha Reuther walitia saini mkataba wa miaka mitano ambao wanahistoria huuita Mapatano ya Detroit. Ningependa uutazame kwa karibu, kwa sababu ndani yake ndimo ulimo mshahara ule anaousimulia mjomba wako. Mshahara ungepanda kila mara gharama za maisha zinapopanda. Juu ya hapo ungepanda tena kila mwaka, iwe kumepanda bei au la, kwa kutambua kwamba mashine bora na ujuzi wa wafanyakazi vinaongeza uzalishaji. Mzee aliyestaafu baada ya utumishi mrefu alihakikishiwa dola 125 kwa mwezi, zikijumlisha pensheni ya serikali na nyongeza ya kampuni. Kampuni nayo ilipata miaka mitano bila mgomo, na ikabaki peke yake na uamuzi wa nini kitengenezwe, wapi, na kwa bei gani. Lile dai la kufungua vitabu halikusikika tena. Kwa kuwa katikati ya miaka ya 1950 karibu theluthi ya wafanyakazi wa Marekani walikuwa kwenye vyama, waajiri wengine, hata wasio na chama kiwandani mwao, walilazimika kufuata mkondo ili wasikimbiwe na mafundi wao.

Mapatano hayo yalikuwa na kasoro ambayo Wamarekani wanaihangaikia hadi leo. Truman alikuwa amependekeza bima ya afya ya taifa zima, na ikaangushwa, chama cha madaktari wa nchi hiyo kikiwa mstari wa mbele kuipinga na kuiita ujamaa. Vyama vya wafanyakazi vilipoona serikali haitoi, vilidai bima na pensheni kwa mwajiri mmoja mmoja, vikavipata. Kwa aliyekuwa ndani ya kiwanda kikubwa ilikuwa heri. Lakini tangu hapo matibabu na uzee wa Mmarekani vilifungwa kwenye ajira yake, na siku ajira inapokatika, vyote viwili hutetereka.

Siasa za zama hizo zilikuwa na sura mbili. Upande mmoja kulikuwa na maelewano ambayo leo yangewashangaza wapiga kura wa vyama vyote viwili. Dwight Eisenhower, rais wa Republican tangu mwaka 1953, hakuibomoa hifadhi ya jamii iliyoasisiwa na chama cha Democrat, bali aliipanua. Kiwango cha juu kabisa cha kodi ya mapato kwa karibu muda wake wote kilikuwa asilimia 91. (Nakuomba usikitumie kiwango hiki vibaya katika ubishani: kiliangukia tu sehemu ya mapato ya mwaka iliyozidi dola 200,000 kwa mtu mmoja, na matajiri walikuwa na mianya mingi ya kukikwepa.) Mwaka 1956 alitia saini sheria ya kujenga maili 41,000 za barabara kuu, serikali kuu ikibeba asilimia 90 ya gharama. Alikuwa na sababu yake binafsi ya kuzipenda barabara: mwaka 1919, akiwa ofisa kijana, alisafiri na msafara wa malori ya jeshi kutoka Washington hadi San Francisco, na safari hiyo ilichukua siku 62.

Upande wa pili kulikuwa na hofu. Machi 1947 Truman aliamuru watumishi wote wa serikali kuu wachunguzwe uaminifu wao. Mwaka 1950 Seneta Joseph McCarthy alianza kudai kwamba wizara ya mambo ya nje imejaa wakomunisti, akapata umaarufu kwa tuhuma zisizo na ushahidi mpaka Seneti ilipomkaripia rasmi Desemba 1954. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la CIO lilivifukuza vyama 11 kwa kuwa na viongozi wa mrengo wa kushoto, na pamoja nao wakaondoka baadhi ya waliokuwa mahodari wa kutetea wafanyakazi weusi na wanawake. Levitt mwenyewe alipenda kusema kwamba mtu mwenye nyumba na kiwanja chake hawezi kuwa mkomunisti, kwa sababu ana kazi nyingi mno za nyumbani za kufanya. Ulikuwa utani, lakini ndani yake kulikuwa na sera: nyumba ilionekana kuwa kinga ya kisiasa. Bajeti ya ulinzi nayo iliongezeka zaidi ya mara mbili kwa sababu ya vita vya Korea na haikurudi tena ilikotoka, na viwanda vya ndege vya California na Washington viliishi kwa zabuni za jeshi. Alipoaga madaraka Januari 1961, ni Eisenhower huyohuyo, jenerali wa nyota tano, aliyewaonya wananchi wajihadhari na ushawishi wa muungano wa jeshi na viwanda vya silaha.

Nimeahidi kusema ni nani waliozuiwa. Mkataba wa kwanza wa upangaji wa Levittown ulikuwa na kifungu kinachosema nyumba isitumiwe wala kukaliwa na mtu asiye wa asili ya kizungu, isipokuwa watumishi wa ndani. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahakama haziwezi kutumika kutekeleza vifungu vya namna hiyo. Levitt alikiondoa kwenye maandishi lakini hakubadili mwenendo. Wala hakuwa peke yake, kwa maana FHA yenyewe iliwaelekeza wakadiriaji wake kwamba mtaa wenye watu weusi, au unaokaribia kuwa nao, ni mtaa wa hatari kwa mkopo. Mwaka 1947, katika miji 13 ya Mississippi, mikopo 3,229 ya nyumba, biashara na mashamba ilidhaminiwa chini ya sheria ya askari. Iliyowafikia askari weusi ilikuwa 2. Hao walikuwa wamevaa sare ileile na kupigana vita vilevile.

Mwaka 1957 familia ya kwanza ya watu weusi, ya William na Daisy Myers, ilinunua nyumba katika Levittown nyingine, ya Pennsylvania. Umati ulikusanyika nje ya nyumba hiyo usiku baada ya usiku, mawe yakavunja dirisha kubwa la mbele, na ikabidi polisi wa jimbo wapelekwe. Familia ile haikuhama. Wakati huohuo, barabara kuu zilizorahisisha safari kutoka vitongojini hadi mjini zilipitishwa mara nyingi katikati ya mitaa ya watu weusi. Huko Detroit barabara ya Hastings, iliyokuwa na maduka yao na kumbi zao za muziki, ilifukiwa chini ya barabara ya magari. Takwimu rasmi za umaskini zinapoanzia, mwaka 1959, zinaonyesha asilimia 22 ya Wamarekani wote walikuwa maskini, na asilimia 55 ya Wamarekani weusi. Tofauti hiyo haikuishia kwenye mshahara: nyumba iliyonunuliwa mwaka 1949 ndiyo iliyosomesha mjukuu miaka 40 baadaye, na asiyeruhusiwa kuinunua hakuwa na cha kumwachia.

Kuhusu mke aliyekaa nyumbani, mjomba amekuza kidogo. Ni kweli kwamba mwaka 1945 wanawake wengi waliondolewa katika kazi za viwanda vya silaha ili kuwapisha wanaume, na kwamba watoto walizaliwa kwa wingi, hadi milioni 4.3 katika mwaka 1957 pekee. Lakini kufikia mwaka 1960 karibu theluthi ya wanawake walioolewa walikuwa wakifanya kazi ya mshahara, wengi wao ofisini na madukani kwa malipo madogo, na mara nyingi fedha yao ndiyo iliyolipia gari la pili au karo ya chuo.

Neema hiyo ilianza kupata ufa ingali imesimama wima. Julai 1959 makamu wa rais, Richard Nixon, alikwenda Moscow kufungua maonyesho ya bidhaa za Marekani, na mbele ya jiko la nyumba ya mfano akabishana na kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, Nikita Khrushchev. Nixon alimwambia kwamba mfanyakazi yeyote wa chuma wa Marekani aweza kuinunua nyumba kama ile: analipwa dola 3 kwa saa, na rejesho ni kama dola 100 kwa mwezi kwa miaka 25 hadi 30. Pia alikiri, kwa kuwa habari zilikuwa zimeenea, kwamba wafanyakazi haohao wa chuma wakati ule walikuwa kwenye mgomo. Walikuwa nusu milioni, na mgomo ulichukua siku 116. Watengenezaji wa magari na wajenzi wa majumba hawakungoja. Waliagiza chuma kutoka Japani na Ulaya, na mwaka huo, kwa mara ya kwanza katika karne ile, Marekani iliingiza chuma kingi kuliko ilichouza nje. Wateja walioonja chuma cha bei nafuu hawakurudi wote.

Yaliyofuata ni mwendelezo wa hayo. Viwanda vya Ujerumani na Japani vilikuwa vimejengwa upya, vingine kwa mashine mpya kuliko za Pittsburgh, jiji la chuma la Marekani. Vita vya Vietnam vilipandisha bei, dhahabu ikamiminika nje, na tarehe 15 Agosti 1971 Nixon, sasa akiwa rais, alisimamisha kubadilisha dola kwa dhahabu. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu ziliinyima Marekani mafuta, na ndani ya miezi michache bei ya pipa ikapanda karibu mara nne. Kati ya mwaka 1947 na 1973 kipato halisi cha familia ya kati kilikuwa kimeongezeka takriban maradufu. Baada ya hapo uzalishaji uliendelea kupanda lakini mshahara wa mtu wa kawaida ukabaki nyuma, na kanuni ya Detroit ya kuviunganisha viwili hivyo ikaachwa, kampuni moja baada ya nyingine. Vyama vilivyokuwa na theluthi ya wafanyakazi sasa vina kama asilimia 10.

Nyumba za Levittown bado zipo. Nyingi zimeongezwa vyumba, zimepandishwa ghorofa, na chache mno zinatambulika kwa sura yake ya mwaka 1949. Iliyouzwa kwa dola 7,990 leo huuzwa kwa zaidi ya dola 500,000, na mtu wa kiwandani akiitaka, rejesho la mwezi halilipiki tena kwa mshahara wake wa wiki moja.